Kidole Kimoja Kabla ya Ngozi

Breki alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna mfanyakazi wa zamu ya asubuhi aliyepaswa kuonekana mtaani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezongwa foronya nyeupe yenye muhuri wa kiwanda cha kufulia nguo alikokuwa akifanya kazi. Kifungo cha juu cha sare yake hakikuwepo, na kamba za kiatu kimoja zilikuwa zinaburura chini. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mkewe alipokasirika, alikuwa ameketi mlangoni akishona begi la kupigia mateke lililochanika. Aliinua macho, akaiona foronya, akaona pale pasipo na kifungo, na kabla hajasimama swali likamtoka.

"Ulimpiga?"

Hakuuliza nani. Hakuuliza kama inauma. Aliuliza vile alivyozoea kuuliza wanafunzi wake walipotoka kwenye mashindano asiyoweza kuhudhuria.

Mkewe alitoka ndani, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni. "Hivi wewe Mwalimu una akili kweli? Mtoto mkono hauinuki, wewe unauliza matokeo! Njoo, mama, kaa hapa. Nani kakufanya hivi?"

"Bwana Funguo," alisema Breki. "Kanifungia stoo ya mashuka."

Nyumba nzima ilimjua Bwana Funguo ingawa hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa Breki. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa miaka hamsini na ushee, mwenye kitambi na shada la funguo kiunoni lililomtangulia kila aendako. Yeye ndiye aliyeamua nani akae kwenye pasi aungue mvuke na nani akae mezani akunje taulo. Miezi mitatu sasa alikuwa akimwambia Breki kwamba msichana mzuri kama yeye hafai kuungua mvuke. Breki alimweleza mama yake, mama yake akamweleza Mwalimu, na Mwalimu akacheka. "Mwache athubutu," alisema siku ile huku akijaza chai kikombeni. "Atajua hajui." Alilala usingizi mnono.

"Nilirusha, Baba," Breki alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mama yake akifungua foronya taratibu. "Mara mbili. Ya kwanza taya, ya pili kifua. Zote safi kabisa, hata wewe ungenipa pointi."

"Zikampata?"

"Nilisimamisha."

Mwalimu aliliweka begi chini.

Katika ukumbi wake wa karate, ngumi husimama upana wa kidole kimoja kabla ya ngozi. Hilo ndilo somo la kwanza na ndilo la mwisho. Kupiga, aliwaambia watoto, hata punda anapiga. Ustadi uko katika kusimamisha. Anayemgusa mwenzake usoni hunyang'anywa pointi. Anayemtoa damu hupiga magoti katikati ya ukumbi mbele ya wote hadi kipindi kiishe. Binti yake mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mmoja alimvunja pua mvulana aliyemzidi umri, mvulana aliyekuwa akimvuta nywele, na Mwalimu hakumhurumia. Alimpigisha magoti saa nzima kwenye mbao zile, wazazi wakitazama, mpaka mtoto akajikojolea. Hakugusa mtu tena. Ngumi yake ilikuja kama risasi, ikafika mbele ya jicho lako, ikanyamaza hapo hapo. Ndipo wenzake wakamwita Breki, naye akawa bingwa miaka mitatu mfululizo, na picha zake zikajaa ukuta wa sebule hadi pakakosa mahali pa kalenda.

"Halafu nikarudi nyuma hatua mbili," Breki aliendelea, macho chini. "Nikasimama. Sijui kwa nini, Baba. Nadhani nilikuwa namsubiri mwamuzi."

Sindano ilimponyoka Mwalimu ikaanguka chini.

"Akacheka. Akaniambia, ndiyo hiyo karate yenyewe? Akaushika mkono huu akauzungusha, nikasikia umelia. Akanibana kwenye mashuka. Akang'ang'ania nguo zangu. Kama si yule mama wa pasi kugonga mlango akitaka foronya..." Hakumaliza. "Alifungua akatoka anapiga mluzi."

Mama alikuwa ameacha kufungua foronya. Alimshika binti yake kichwa, akakibana kwenye tumbo lake, na juu ya kichwa kile akamtazama mumewe kwa jicho ambalo Mwalimu hakuweza kulistahimili. Mwalimu akainama kuokota sindano yake.

*

Kituoni, askari wa zamu aliandika jina, umri na kazi, kisha akainua uso na kukodoa macho.

"Ngoja. Wewe si yule binti wa karate? Picha yako ilibandikwa hata hapa, wakati ule wa mashindano ya taasisi."

"Ndiye," alijibu Mwalimu, na aibu iliyoje, kifua kikamjaa kidogo.

"Jamani, njooni muone!" Askari aliita ndani. Wakatoka wawili, mmoja akiwa bado anatafuna. "Bingwa wa karate kavunjwa mkono na mzee wa dobi!"

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. Walicheka kama watu waliopata burudani katika siku ndefu. Yule anayetafuna aliinua ngumi zake akamzunguka Mwalimu akirukaruka. "Nifundishe na mimi basi, Mwalimu, nisimamishe majambazi!" Mwalimu akajichekesha. Lilikuwa cheko fupi tu, la kuridhisha wakubwa ili karatasi ya hospitali itoke haraka, lakini Breki alilisikia. Tangu hapo hadi hospitali hakumtazama baba yake usoni.

"Kwa hiyo mlango ulifungwa ninyi wawili mkiwa ndani," askari aliuliza, kalamu tayari.

"Aliufunga yeye."

"Na hukupiga kelele?"

"Mashine zinanguruma, afande. Hata ukilia husikiki."

"Na hukumpiga. Mtu mwenye mkanda mweusi." Aliandika kidogo, akafuta, akaandika. "Sikilizeni. Karatasi ya matibabu nawapa. Lakini jambo hili ni la kazini, na kazini kuna taratibu zake. Malizaneni huko kwanza, mkishindwa mrudi."

Hospitali wakafunga plasta kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mfupa wa kifundo ulikuwa umepasuka. Wiki sita, daktari alisema, na hakuna kupigana. Breki alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kibaya.

*

Habari zilifika ukumbini kabla ya Mwalimu. Ukumbi wenyewe ni chumba kirefu nyuma ya ghala la saruji, mbao za sakafu zimeng'aa kwa nyayo, na juu ya mlango bango alilolichora kwa mkono wake: JIFUNZE KUJILINDA. WATOTO NA WAKUBWA. MABINTI MNAKARIBISHWA SANA. Siku ya Jumatatu wanafunzi thelathini na wawili walikuwa kumi na tisa. Jumatano wakawa kumi na wanne.

Mwenye duka la vipuri, baba wa watoto mapacha na mwenyekiti wa wazazi, alimsubiri mlangoni akizungusha kofia mikononi.

"Mwalimu, pole kwa yaliyokufika nyumbani."

"Tumeshapoa."

"Sasa, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Wanangu wanakuja huku mwaka wa nne. Nawaleta ili siku mtu akiwashika wajitoe. Si ndivyo lilivyoandikwa bango?" Alilionyesha kwa kidevu. "Wazazi wananiuliza. Kama bingwa wako, damu yako mwenyewe, kashindwa na mtu mwenye kitambi, sisi tunalipia nini hapa? Sarakasi?"

Mwalimu alikuwa na jibu. Jibu lenyewe lilikuwa rahisi na la kweli: kwamba mchezo ni mchezo, una mstari chini na mwamuzi mwenye bendera, watu wawili waliokubaliana, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kushikwa stoo na mpinzani aliyeinama kwanza kumsalimia. Alilijua hilo miaka ishirini. Hakuwahi kulisema, kwa sababu hakuna mzazi angelipia.

"Ilikuwa bahati mbaya," alisema. "Sakafu ilikuwa imelowa."

Sakafu haikuwa imelowa. Alilizua pale pale, na lilipomtoka alishangaa jinsi lilivyokaa vizuri mdomoni.

Nyumbani alimkuta Breki akijaribu kukunja nguo zake nyeupe za mazoezi kwa mkono wa kushoto. Barua ya kiwanda ilikuwa mezani. Kikao Ijumaa, saa tatu. Mlalamikaji anaruhusiwa kuja na mtu mmoja.

"Nataka uje wewe," Breki alisema. "Si Mama."

"Mama yako ana maneno makali, ni kweli."

"Si kwa sababu hiyo. Bwana Funguo ameandika kwamba tulikuwa na mambo yetu, mimi na yeye. Kwamba mkono niliumia kwa kuanguka. Kisha ameandika, mtu mwenye mkanda mweusi hawezi kulazimishwa. Hilo tu ndilo watakaloniuliza, Baba, nalijua. Nikijibu mimi wataona najitetea. Ukijibu wewe wataamini." Aliacha kukunja. "Waambie tu jinsi tunavyofanya. Waambie kwamba hatupigi. Waambie ulinifundisha kusimamisha."

"Nitawaambia."

"Kabisa?"

"Mwanangu, mimi ni baba yako. Nitawaambia kabisa."

Mama, aliyekuwa akipindia suruali ya mteja pembeni, alisimamisha cherehani. Alimtazama mumewe. Akaendelea kushona.

*

Chumba cha kikao kilinuka sabuni ya unga kama jengo zima. Nyuma ya meza walikaa meneja, mwakilishi wa wafanyakazi, na afisa utumishi, mama nadhifu mwenye miwani na faili lililofungwa kwa utepe. Bwana Funguo alikaa upande wa dirishani. Funguo zilikuwa bado kiunoni. Alikuwa amevaa koti, na alipomwona Mwalimu alisimama akampa mkono, na Mwalimu, kwa mazoea ya mtu aliyefundisha adabu miaka yote, akaupokea na kuinamisha kichwa kidogo. Aliona Breki akifumba macho.

Mama wa pasi aliitwa kwanza. Alikuwa mtu mzima, mikono imejaa makovu ya mvuke. Alisema aligonga, mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, akagonga tena, ukafunguliwa. Binti alikuwa amekaa kwenye marobota ya mashuka anatetemeka. Mengine hakuyaona.

"Kitasa cha stoo ni kibovu," alisema Bwana Funguo kwa upole. "Kinajifunga. Nimeandika maombi ya fundi mara mbili." Kisha akageukia meza. "Waheshimiwa, mimi nina presha, nina sukari. Ngazi ile tu nikipanda nahema. Nitamshika vipi mtu kama huyu? Angenivunja shingo. Mimi ndiye wa kuogopa humu."

Meneja alificha tabasamu kwa kiganja. Mwakilishi wa wafanyakazi alitazama saa.

Afisa utumishi alivua miwani. Alikuwa ameuliza maswali yake kwa haki muda wote, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mwalimu, wewe humu ndani ndiye pekee unayeijua fani hii. Nakuuliza kwa nia njema, na jibu lako litanisaidia kuandika. Msichana wa kiwango cha binti yako, mbele ya mtu wa umbo la msimamizi wetu. Anaweza kujitoa, au hawezi?"

Jibu lilikuwepo. Alilifanyia mazoezi njiani, hata midomo ilikuwa imetembea. Hatupigi. Nilimfundisha kusimamisha. Ninachofundisha ni mchezo. Sentensi tatu. Lakini nyuma ya afisa utumishi, kwenye benchi la mashahidi, alimwona mwenye duka la vipuri. Kumbe ndiye aliyekuwa akikiuzia kiwanda mikanda ya mashine, na alikuwa anasubiri meneja amtilie sahihi. Kofia mikononi. Anasikiliza.

Mwalimu aliliona bango lake. Aliwaona watoto kumi na wanne wakiwa sita, kisha hakuna. Alijiona amesimama mbele ya watu hawa wote, mzee aliyetumia maisha yake kuwafundisha watoto kupiga hewa.

Breki alimgeukia. Plasta ilikuwa juu ya goti.

"Anaweza," alisema Mwalimu.

"Samahani?"

"Kwa mafunzo niliyompa," alisema, na sauti ikatoka nzito, ile ya ukumbini, "mtu wa namna hii hamsumbui. Anaweza kujitoa kwa sekunde tatu." Angeweza kuishia hapo. "Kama angetaka."

Afisa utumishi alivaa miwani akaandika. Ilimchukua muda mfupi sana. Bwana Funguo alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayemsamehe mtoto wa jirani. Mama wa pasi peke yake, kule mlangoni, alisema kwa sauti, "Lo! Baba mtu!" wakamwambia atoke.

Breki hakulia. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, mgongo wima, mkono mzima ubavuni. Mwalimu aliijua hatua ile. Aliifundisha mwenyewe.

*

Uamuzi ulikuja kwa barua fupi. Ushahidi haukutosha. Pande zote mbili zionywe kuhusu mahusiano kazini. Breki ahamishiwe kitengo cha nguo chafu za hospitali, chini ya msimamizi yule yule hadi nafasi nyingine ipatikane. Breki aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza, na jioni hiyo hiyo akaenda kukaa kwa mama yake mdogo. Hakubeba picha hata moja.

"Ungeniambia tu kwamba huwezi," mkewe alimwambia Mwalimu siku ya pili. Alikuwa anapiga pasi suruali za watu na hakuinua uso. "Ningeenda mimi na maneno yangu makali."

"Wangeshinda tu. Uamuzi ule ulikuwa umeshapangwa."

"Labda. Lakini wasingeshinda kwa mdomo wako." Alimwaga maji kwenye kitambaa, pasi ikafoka. "Na kuanzia leo nguo zako nyeupe shona mwenyewe."

Mambo ya ukumbini, kwa upande mwingine, yalinyooka. Mwenye duka la vipuri alieneza habari: Mwalimu kasimama mbele ya wakubwa, hakumpendelea hata mwanawe. Mafunzo hayana kasoro. Binti ndiye aliyekuwa na yake. Jumatatu wakarudi wote. Jumatano wakaongezeka watano, na Mwalimu akalazimika kuwapanga safu nne badala ya tatu. Ni kitu kibaya kusema juu ya mtu, lakini kwa muda wa nusu saa hivi alifurahi.

Jumamosi alikuja afisa utumishi. Alivua viatu mlangoni kwa heshima, akimshika mkono msichana wa miaka tisa hivi mwenye nguo nyeupe mpya zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Mwalimu, maneno yako siku ile yamenikaa," alisema kwa sauti ya chini. "Nina huyu tu. Nataka naye awe hivyo. Ili siku moja mtu akijaribu, aweze."

Mwalimu alitafuta pa kuweka macho. "Karibu," alisema. "Akae safu ya mbele."

Mama mtu alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Mwalimu alipiga makofi, safu zikanyooka. Akaanza somo lile la kwanza, lile lile la miaka ishirini, na kwa kuwa mdomo uliyajua maneno hakuhitaji kuyafikiri. Kupiga hata punda anapiga. Kidole kimoja kabla ya ngozi. Wawiliwawili, tazamaneni. Inameni. Anzeni.

Mtoto mpya alipangwa na mmoja wa wale mapacha. Pacha aliona mgeni, akaona amchezee: akamvuta shungi la nywele, akacheka, akalivuta tena. Msichana alikunja ngumi, akaitupa kama watoto wanavyotupa, bila mtindo wowote, bega limepinda na kisigino kimenyanyuka. Ikatua puani. Pacha akakaa chini kwa kishindo. Damu ikadondoka juu ya mbao.

Watoto wote wakamgeukia Mwalimu. Walijua kinachofuata. Afisa utumishi alikuwa amesimama nusu, hajui kama aombe radhi au vipi. Na kabla Mwalimu hajafikiri, kama siku ile mlangoni, neno likamtoka.

"Piga magoti."

Mtoto alitazama kulia na kushoto. Goti moja likalegea.

"Usipige magoti, mdogo wangu."

Breki alikuwa mlangoni. Alikuja kurudisha ufunguo wa ukumbi, ule wa pili aliokuwa nao tangu alipoanza kuwafundisha wadogo siku za Jumamosi. Plasta ilikuwa imechafuka kwa kazi. Hakuvua viatu. Alivuka mbao zile zinazong'aa navyo, akauweka ufunguo kwenye benchi kando ya afisa utumishi, ambaye aliuvuta mkoba wake karibu bila kujua kwamba anauvuta.

"Wanangu," Mwalimu alianza, akiwageukia watoto, "hapa kwetu kuna utaratibu..."

"Amekuvuta nywele?" Breki alimuuliza msichana.

Msichana akaitikia kwa kichwa.

"Ukampiga?"

"Ndiyo."

"Ikampata," alisema Breki, na akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu kikaoni. Kisha akatoka. Viatu vyake viliacha alama za vumbi hadi mlangoni.

Mwalimu alisimama mbele ya safu nne, mkono ameunyoosha kuelekea sakafuni, mahali pale pale alipompigisha binti yake magoti. Pacha alikuwa analia. Wazazi kwenye mabenchi walisubiri. Mtoto mpya alimwangalia yeye, akauangalia mlango, akayaangalia matone ya damu yaliyokuwa mbele ya vidole vyake vya miguu. Kisha goti lililolegea likanyooka, naye akabaki amesimama, ngumi bado kaikunja.